Maneno Niliyoyakata Mbele ya Jaji

Mwanangu, iko asubuhi moja ya mwaka 2016 ambayo sijaisahau. Sikuwa kijana wa umri, nilikuwa kijana wa kazi. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeapa kuwa mkalimani wa Kiswahili mahakamani hapa Johannesburg, na kesi ilikuwa ya mauaji.

Mshtakiwa aliitwa Kasongo, fundi cherehani wa mtaa wa Malvern, Mkongomani kama mimi. Polisi walisema amemuua jirani yake, na shahidi mmoja alikuwa ameshaeleza kwamba aliwasikia wakigombana. Kabla jaji hajaingia, Kasongo aliniinamia.

"Papa Danieli, we ni mutu wetu. Unisaidie."

"Mungu yupo," nikamwambia. Halikuwa jibu, mwanangu. Lakini moyoni nilikuwa nimeshamkubalia.

Mwendesha mashtaka akamuuliza kama aligombana na marehemu. Kasongo akajibu kirefu. Ndiyo, asubuhi ya siku ya mauaji alimwambia, "Nitakuonyesha." Niliposikia neno hilo hofu ikanishika, nikaliona lango la gereza. Yaliyofuata yalinipita masikioni tu. Nikamgeukia jaji, nikasema kwa Kiingereza, "Anasema walizungumza tu."

Jaji alikuwa mama mwenye mvi, mpole wa sauti. Akaweka kalamu chini.

"Mkalimani, yeye amesema dakika nzima. Wewe umesema maneno matatu. Mengine yako wapi?"

Nikitaja tishio, nimemzamisha ndugu yangu. Nikinyamaza, nimemdanganya Mungu niliyeapa kwa jina lake. Nikakiri kwamba nimeyakata. Nikamwomba Kasongo arudie, na safari hii nikatoa kila neno: tishio, kisha majuto, kisha jinsi alivyomchukua mchungaji wake mchana uleule, wakaenda kwa jirani, akaomba radhi, wakala pamoja. Hata wakili wake, waliyeongea naye kwa Kiingereza cha kubahatisha, hakuwa amelisikia hilo. Jaji akaagiza mchungaji aitwe.

Baadaye jaji aliniita ofisini kwake, mawakili wa pande zote wakiwepo. Akasema alizaliwa Alexandra, mtaa wa makabwela hapa jijini, akaanza kazi kama karani, akapanda taratibu mpaka kiti kile. "Mwaka wangu wa kwanza wa ujaji nilimkatiza shahidi, nikidhani najua anakokwenda. Mtu alikaa gerezani miaka minne kabla rufaa haijamtoa. Tangu hapo nasikiliza hata urefu wa jibu. Ukipunguza maneno yake, umekaa kwenye kiti changu bila kuapishwa."

Nilipotoka, askari wa mlangoni akacheka. "Eish, baba, leo umepona!"

Mchungaji alikuja, akathibitisha kila kitu. Baada ya wiki kadhaa za kungoja, Kasongo aliachiwa huru, kwa kuwa ugomvi ule ulikuwa ndio ushahidi pekee dhidi yake. Namshukuru Mungu. Lakini kinachonitisha mpaka leo ni hiki: kama yule mama asingekuwa makini, Kasongo angeonekana mwongo mbele ya shahidi aliyesikia ugomvi, angefungwa kwa mdomo wangu, nami ningerudi nyumbani nikijisifu kwamba nimemwokoa.

Kesho unaapa wewe, mwanangu. Watakuja watu wetu, watakuita mama, watakulilia. Wahurumie, lakini usiwachagulie maneno. Toa lote, hata linalokuogopesha, kwa maana hujui wokovu wa mtu umekaa upande gani wa sentensi yake. Usiposikia vizuri, sema hukusikia.

Bwana aulinde ulimi wako, akupe masikio yenye subira, na akuweke mbele ya majaji wanaosikiliza.