Chupa za Ineza Zanona, za Yuster Zaota Ukungu

Saa moja asubuhi, Yuster Minani amesimama mbele ya rafu, anahesabu chupa. Si zake. Anahesabu za mfanyakazi mwenzake, Ineza.

"Thelathini na nane, zote safi," anasema kwa uchungu. "Zangu za mwezi uliopita ziliota ndevu kama babu."

Maabara hii ndogo ya mjini Ngara inakuza tishu za mmea wa dawa ndani ya chupa, juu ya rojo la sukari na virutubisho. Hapaoti shina wala jani. Panatokea bonge laini kama ugali wa muhogo. Bonge hilo hukamuliwa protini, nayo inapimwa kama kweli inakausha vidonda.

Mche wa kwanza Yuster, 52, aliutoa uani kwake kijijini Bukiriro, ambako mama yake aliwatibu watu kwa majani hayo.

"Mmea wa mama yangu unanenepa mikononi mwa mtu wa juzi!"

Mtu wa juzi ni Ineza, 24. Wanawake hao walikuwa wakijaribiwa: mwenye chupa safi zaidi apewe meza ya kupandikiza, yaani kuhamishia tishu kwenye chupa mpya, mwingine abaki kuosha vyombo.

Za Yuster zikaoza karibu zote. Akaamini amerogwa, akaacha kuitikia shikamoo ya Ineza.

"Kusikia nilisikia. Marahaba ndiyo iligoma kutoka."

Siku moja Ineza alimkuta amefungua chupa, ameinama, ananong'ona na kupuliza, kama marehemu mganga wa Bukiriro, mama yake Yuster, alivyoibariki dawa.

"Mama Abeli, unazipulizia?" Ineza akamuuliza Yuster, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Nisipozipulizia zitamponya nani?"

"Hiyo pumzi ndiyo inaleta ukungu, mama!"

Ineza angeweza kunyamaza akajichukulia meza yake. Hakunyamaza, na hapo ndipo wivu wa Yuster ulipochemka hasa.

"Mrembo, msomi, halafu ana roho nzuri! Sasa mimi nibakiwe na nini?"

Meza alipewa Ineza. Lakini msimamizi, Novatus, alimpa Yuster chupa arobaini mpya. Zikisalimika, atapata meza ya pili. Leo ni siku ya tisa, na hakuna hata moja iliyooza. Bado anazinong'oneza, ila kifuniko kimefungwa na barakoa iko usoni.

"Nataka thelathini na tisa tu," anasema, jicho likiwa kwenye rafu ya jirani. "Nikizipata, huyo binti nitamwitikia marahaba mpaka Bukiriro waisikie."