Mvule wa Mama Neema

Siku yangu ya kwanza kazini ughaibuni, mjini Louisville, mkuu wa karakana alinipa ufagio. Mimi, niliyechonga viti vya machifu na sanamu za ndege wa misitu ya kwetu Fizi, nikafagia vumbi la mbao za watu wengine. Niliudhika, sifichi. Baadaye akaniona nimechonga hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa, kwenye kipande kilichotupwa. Akakigeuzageuza, akasema, "Chonga tembo. Watu hapa wanapenda tembo." Maisha yangu yote msituni sikuwahi kumwona tembo hata mmoja, lakini nilichonga tembo mpaka karakana ikafungwa.

Katika karakana hiyo ndipo nilipojifunza kuchapa picha kwa kibao. Ninyi vijana mnaobonyeza simu picha ikatoka, sikilizeni. Unachonga kibao bapa, unakipaka wino kwa roli, unalaza karatasi juu yake, unasugua kwa mgongo wa kijiko. Ulipochonga panabaki peupe. Ulipoacha ndipo panaposhika wino. Msitu unaikubali kazi hii, kwa sababu giza lipo tayari, wewe unatoa mwanga tu.

Mimi na binti yangu tukahamia Columbus, nikapata kazi kwenye ghala la nyama iliyogandishwa. Kiongozi wa zamu, mtu wa Bukavu, aliniona nikipuliza mikono.

"Mzee, bidole biko nauma?"

"Biko nauma sana."

"Bon, ni muzuri. Siku bitaacha kuuma, donc, ndio utaogopa."

Viliacha kuuma. Nikaogopa kweli, maana kulikuwa na kibao kimoja ambacho sikuwa nimekichonga.

Mke wangu, Mama Neema, alifia msituni tukikimbia vita. Tulimzika harakaharaka chini ya mvule, bila msalaba, tusije tukawaonyesha kaburi waliotufuata. Binti yetu Neema alikuwa mgongoni kwangu, bado mchanga. Hatuna picha ya mama yake wala ya mahali pale. Palikuwa kichwani mwangu tu, na njia ya kupatoa ilikuwa vidole hivi.

Baadaye, mjini Buffalo, karibu na barabara ya Bailey, nilipata kazi kwenye karakana ya kuchapa picha. Mkurugenzi, mama mkali lakini mwenye haki, aliniruhusu nichonge kibao kikubwa, tuchape nakala chache za kuuza. Nilichonga majira yote ya baridi, nikiiongoza patasi kwa macho maana vidole havikusikia kitu. Nikatoa mwamba, kijito, mizizi, na mvule wenyewe.

Nakala zilipokauka, mkurugenzi akaniletea kisu. Wachapaji wana desturi yao: nakala zikitimia, kibao hukatwa mistari miwili inayopishana, kona hadi kona, kisichapwe tena na wanunuzi wasidanganywe.

"Kikate wewe," akasema. "Aliyekichonga ndiye anayekiua."

Nikamwambia kuna mtu amelala mle.

"Pole sana, mzee. Lakini wanunuzi nimeshawapa neno langu."

Nililia mbele ya watu wote. Kisha nikaweka kisu, si kwenye kona, bali juu katikati, nikakishusha hadi kwenye mizizi. Mstari wa pili nikaulaza.

"Si hivyo," akasema.

"Kimekufa. Si ndivyo ulivyotaka?"

Alipaka wino kwa mkono wake, tukachapa karatasi moja ya kuthibitisha kwamba kibao kimekatwa, akanipa.

Nyumbani Neema aliitazama, akashtuka. "Papa, baliharibu kazi yako?"

"Hapana. Niliwekea mama yako musalaba."

Sasa nimestaafu, ninaishi kwa Neema hapa Cheektowaga, jirani na Buffalo. Sina vidole vya kufunga hata kifungo cha shati. Wanaotoka kwetu wanasema sehemu ile yote imekatwa miti ya kuchoma makaa, na sidhani kama mvule ule bado upo. Kwa uchungu huo sina dawa. Lakini kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, watu wa kwetu wanapokwenda kufyeka makaburi, Neema huchukua kitambaa na kufuta kioo cha fremu ya karatasi ile ukutani, taratibu, pembe zote. Halafu hunigeukia.

"Papa, tumemaliza kufyeka."