Madebe Mawili ya Mahindi

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mdogo wangu.

Mwaka ule mvua ilitunyima pale Ziba kwa mara ya tatu mfululizo. Lambo la kunyweshea mifugo lilikauka, ng'ombe wa mdogo wangu wakafa mmoja mmoja, mahindi yakanyaukia shambani kabla ya kubeba. Mtu mzima, ana mke na mtoto, akawa anashinda amekaa tu ukutani.

Ndipo akaja wakala aliyekuwa akitafuta vibarua wa mashamba ya tumbaku, huko misitu ya Sikonge. Alipotaja kabila lake tukacheka, kumbe ni mtani wetu! Utani huo ni wa tangu misafara ya pembe za ndovu, na mtani kwetu hakosei. Hata msibani atakutukana na utamkaribisha chakula. Akasimama uani, akasema, "Nimekuja kununua watumwa. Mna mmoja?"

Mimi, dada mkubwa, ndiye niliyejibu. "Chukua huyu mvivu. Lete madebe mawili ya mahindi."

Tulicheka mpaka mama akafuta machozi. Mdogo wangu naye alicheka. Hakuna aliyeuliza shamba ni la nani wala liko kijiji gani, maana nani anamhoji mtani?

Kesho yake mdogo wangu, aliyekubali kibarua, akaondoka na mtani kwa pikipiki kwenda stendi. Jioni mahindi yakaletwa, madebe mawili kamili. Nilisita kidogo, kisha nikasema mtani kanogesha utani wake. Mwenye njaa hana miiko. Tukasaga, tukala.

Simu ya mdogo wangu haikupatikana tena kwa miezi tisa. Hatimaye alitoroka, akarudi kwa kudandia malori, amekonda, mikono ina makovu ya moto wa mabanda ya kukaushia tumbaku. Simu na kitambulisho walimnyang'anya siku ya kwanza. Kila alipoomba kurudi, msimamizi alimjibu, "Uende wapi? Dada yako ameshakula mahindi yetu."

Majirani hunifariji kwamba ukame ndio uliomuuza. Ukame ulileta njaa, sikatai. Bei niliitaja mimi, na naona aibu mpaka leo.

Siku aliyorudi nilimpikia ugali. Alinawa, akamega tonge, akalitazama.

"Dada," akaniuliza taratibu, bila hasira, "yale mahindi yalikuwa matamu?"

Yalikuwa matamu. Nilishindwa hata kumdanganya.