Sifuri za Mwanasiti

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nikiwa nimeshika viatu mkononi. Lori la nazi lilinishusha Kikoneni, na kutoka hapo hadi shuleni ulikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, kupanda kilima tu, na mvua ilikuwa imeufanya udongo mwekundu uteleze kama sabuni. Mimi ni mzaliwa wa Mvita, mtoto wa mjini, na nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino ili nimpendeze Mwalimu Mkuu. Nilianguka mara mbili. Mwalimu Mkuu, mzee mwembamba mwenye koti lililotiwa viraka kwenye viwiko vyote viwili, alinitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Karibu, Mwalimu. Maji yamo mtungini. Ukishanawa, darasa la saba wanakungoja."

Hakucheka hata kidogo. Nilimshukuru kimoyomoyo, maana ningelia.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Shule yenyewe haikuwa ya serikali wala ya misheni; ilikuwa ya wananchi. Waliianza enzi za mkoloni kwa darasa moja chini ya paa la makuti, bila ruhusa ya mtu, na kila mwaka wakaongeza darasa. Kuta za udongo walizikandika kwa mweria. Huu ni utaratibu wa Wadigo: watu wa kijiji hukusanyika wote wakafanya kazi kwa mmoja wao, kesho wakahamia kwa mwingine, na mwenye shamba hupika. Shamba hulimwa kwa mweria, nyumba hujengwa kwa mweria, na shule ile ilisimama hivyo hivyo. Sisi walimu watatu tulilishwa na kijiji na kupewa chumba. Nyinyi vijana mnaolalamikia nyumba za walimu siku hizi, haya, mimi nilishiriki chumba changu na magunia ya mahindi na panya wake.

Jambo moja lilikuwa limetuweka roho juu. Darasa la saba lilikuwa la kwanza kufika huko, watoto arobaini na wawili, na shule haikuwa imesajiliwa. Bila usajili wasingekubaliwa kufanya mtihani wa kumaliza, na miaka yote saba ingekuwa bure. Ili isajiliwe ilibidi Mkaguzi wa shule aridhike na majengo, na walimu, na zaidi ya yote na mahudhurio. Mahudhurio yalikuwa kazi yangu.

Basi niwaeleze rejista ya wakati ule. Kilikuwa kitabu kirefu, majina upande wa kushoto, na mbele ya kila jina vijumba vya siku. Mtoto aliyekuja asubuhi alipigwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu, akirudi alasiri wa pili, mistari miwili ikakutana kama paa la kibanda. Asiyekuja aliandikiwa sifuri nyeusi. Chuoni tulifundishwa kwamba rejista ni kiapo, haifutwi wala haikwanguliwi.

Juma langu la kwanza, Jumatatu darasa lilijaa pomoni. Jumanne walikuja kumi na tisa. Jumatano kumi na wanane. Nikaona hawa wananichezea kwa kuwa mimi ni mgeni, tena mwanamke. Waliporudi Ijumaa, wote arobaini na wawili, nilichukua fimbo. Nilikuwa na hasira za ujana na sikuuliza mtu swali. Kila mwenye sifuri alitoa mkono.

Miongoni mwao alikuwamo msichana mmoja, Mwanasiti, mjukuu wa Bibi Mejumaa, aliyekuwa akiishi na bibi yake peke yao. Kwa hesabu hakuwa na mwenziwe. Alikuwa akikupa jibu huku wewe bado unaandika swali ubaoni. Naye nilimpiga, fimbo mbili, ndivyo nilivyokuwa nikikumbuka. Wenzake walilia. Yeye alinitazama tu, akarudi kukaa.

Juma lililofuata walijaa Jumanne peke yake. La tatu, Jumatano peke yake. La nne, Alhamisi. La tano tena Jumatatu na Ijumaa. Nilikaa na rejista ile mapajani, nikahesabu zile siku kwa vidole, pamoja na Jumamosi na Jumapili. Ilikuwa kila siku ya nne, haikosi. Hakuna utoro unaokwenda kwa mpango namna ile. Nikaenda kwa Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Mwachiro.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Mbona umekuja mbio?"

Nikamwonyesha kitabu. Hakujua kusoma, lakini alifuata mistari myekundu kwa kidole, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Lahaula! Kumbe umeandika jumwa zetu zote humu!"

Ndipo aliponifahamisha. Wadigo walikuwa na juma lao la siku nne, na siku ya nne huitwa jumwa. Siku ya jumwa jembe halishikwi. Siku tatu nyingine watu wazima huwa kwenye mweria, shamba la huyu na la yule, na mashamba yao wenyewe huachiwa watoto wayaamie, yaani wakae juu ya dungu, kile kichanja cha miti, na kuwafukuza nyani na ndege. Jumwa ikifika, wazazi hukaa kwenye mashamba yao wenyewe, na watoto huwa huru. Basi huja shule.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Hukuuliza, mwanangu. Ulichukua fimbo."

Nilirudi chumbani nikajifungia. Nilijiona mjinga, na zaidi ya ujinga nilijiona mwonevu. Hata hivyo sikwenda kuwaomba radhi wale watoto. Wakati ule mwalimu hakuwa akiomba radhi, na mimi nilikuwa na kiburi kingi.

Muda si mrefu ikaja barua kwamba Mkaguzi yuko njiani. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini, akanipa kitabu kipya kitupu. "Mwalimu," akasema bila kunitazama, "ile rejista yako imelowa mvua. Nakili nyingine, safi."

"Haikulowa, Mwalimu Mkuu."

"Nakwambia imelowa. Watoto hawa watafanya mtihani au hawatafanya?"

Sikumlaumu wakati huo na simlaumu leo. Alikuwa ameijenga shule ile kwa mikono yake. Nilikaa nikaanza kunakili, mistari myekundu tupu, mpaka nikafikia jina la Mwanasiti, Jumanne ile na Jumatano ile ya juma langu la kwanza. Mkono ulikataa. Nitampigaje mtoto kwa kutokuja, kisha niandike kwamba alikuja? Niliweka kalamu chini, nikamrudishia kitabu chake.

Mkaguzi alikuwa mtu wa bara, mnene, mwenye kofia ya jua na daftari dogo mfukoni. Aliipitia rejista ya kweli kwa muda mrefu. Nilimweleza habari za jumwa. Alifunga kitabu, akasema, "Nimekuelewa vizuri, Mwalimu. Lakini siwezi kuisajili shule inayojaa kila siku ya nne tu. Nitarudi kabla muhula haujaisha, siku ambayo sitawaambia. Nikikuta darasa limejaa, nitatia sahihi. Nikikuta nusu, basi, kila mtoto atafute shule kwingine."

Kwingine kulikuwa wapi? Shule iliyokuwa karibu zaidi na pale ilikuwa Msambweni, na nani angempeleka huko mjukuu wa Bibi Mejumaa?

Mkutano ulifanyika ukumbini, yaani darasa la nne na la tano ukiondoa ubao wa kati. Watu walibishana. Wengine walisema serikali imekuja kuwasumbua, wengine walisema bora mahindi kuliko vitabu. Mzee Mwachiro aliwaacha wachoke, kisha akasema, "Mweria ni wetu. Nani alituambia ni wa jembe tu? Kila siku mweria uache watu kumi nyuma, wazee na kina mama wenye watoto wachanga, wayaamie mashamba ya wote. Jumamosi tuwape hao mapumziko, waamie walimu." Akanigeukia. "Na wewe, Mwalimu Zainabu. Utaanzia shamba la Bibi Mejumaa."

Watu walicheka. Nilikubali, ningefanyaje?

Jumamosi hiyo nilipanda dungu nikiwa na kombeo nisilojua kulitumia na furushi la madaftari ya kusahihisha, kwani sikutaka siku inipotee bure. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba, mazuri ajabu. Nikafungua madaftari. La Mwanasiti lilikuwa na hesabu kumi, zote sahihi, na nilipokuwa nikimwandikia "Vizuri sana" nikasikia mbele yangu sauti ya kuvunjika, kah, kah. Niliinua kichwa. Nyani walikuwa wameketi shambani kundi zima, wanakula kwa starehe, mmoja ameniangalia huku akitafuna. Nilipiga kelele, nikarusha kombeo likaniponyoka mkononi pamoja na jiwe, mwisho nikawarushia madaftari. Walipoondoka, upande wa kusini ulikuwa umelala chini.

Nilikwenda mwenyewe kumweleza Bibi Mejumaa. Kwa hilo angalau ninaweza kujisifu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa umelala?"

"La, bibi. Nilikuwa nasahihisha."

"Afadhali ungelala," akasema, "ningejua ulichoka."

Tangu siku hiyo hakumwamini mtu tena. Vijana na wazee walikwenda kumsihi, akawafukuza. Mashamba mengine yote yaliamiwa kwa zamu, na darasa likajaa siku baada ya siku, arobaini na mmoja. Kwenye dungu la Bibi Mejumaa alikaa Mwanasiti, na kila asubuhi isiyo ya jumwa nilimwandikia sifuri. Kila sifuri ilikuwa yangu, nami nilijua.

Mkaguzi alirudi siku ya kulima, asubuhi, kwa miguu, gari lake limekwama mtoni. Alihesabu vichwa, akafungua rejista.

"Mmoja hayupo. Yuko wapi?"

Mwalimu Mkuu alinikanyaga mguu. Ningesema mgonjwa, mambo yangekwisha.

"Yuko shambani, bwana. Na kosa ni langu." Nikamweleza yote, mpaka kombeo.

"Twende," akasema.

Tulikwenda, yeye mbele. Bibi Mejumaa alikuwa anapalilia pembeni mwa dungu. Mkaguzi alivua kofia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa wake huyu?"

"Ndiye mimi."

"Basi mwambie nyani hawajui kusoma. Daftari halimtishi nyani."

Yule mtu alicheka mpaka akashika mti. Kisha akatazama juu, Mwanasiti amesimama na kombeo lake, macho makavu. "Na wewe binti, yaliliwa mahindi mangapi?"

"Mashina mia na themanini na manne, bwana. Mistari minane, ishirini na matatu kila mmoja. Niliyahesabu."

Mkaguzi alitoa rejista kwapani, akaandika sahihi yake palepale, ameiegemeza kwenye mguu wa dungu. Nikamuuliza ile sifuri niifanyeje. "Iache hapo hapo," akasema. "Bila hiyo ningedhani wengine umewaazima kijiji cha pili."

Kisha akamgeukia Bibi Mejumaa, akamwomba kwa heshima zote amwache binti arudi darasani. Bibi hakumjibu yeye. Alimwambia mjukuu wake, "Shuka." Akapanda yeye mwenyewe juu ya dungu, na umri wake ule, na mpaka mavuno akawa haruhusu mtu mwingine kukaa huko. Mwanasiti alifanya mtihani pamoja na wenzake, akafaulu.

Mimi nilipelekwa kwingi baada ya hapo. Mkwiro nilifundisha watoto wa wavuvi, na huko nilijifunza kwanza kuuliza kalenda ya bahari, ya bamvua, yaani maji makubwa, na ya maji mafu, kabla sijafungua rejista. Diani niliona watoto wakikimbilia mahotelini. Miaka yangu ya mwisho nilikuwa ofisini Matuga, nazungukia shule kama alivyozunguka Mkaguzi yule, na sikupata kofia nzuri kama yake. Kila nilipokuta sifuri nyingi nilimuuliza mwalimu, "Umekwenda kwao?"

Siku ya kustaafu kwangu walinifanyia sherehe, na Mwalimu Mkuu wa shule ile ya kilimani alikuja na zawadi iliyofungwa kwa kanga. Mwalimu Mkuu huyo ni Mwanasiti. Ndani ya kanga mlikuwa na rejista yangu ya kwanza, imeliwa na mchwa pembeni. Tulikaa sisi wawili nyuma ya ofisi, tukaifungua, akaweka kidole kwenye jina lake, juma lile la kwanza.

Miaka yote nilikuwa nimeyabeba maneno haya, nayo yakanitoka kwa shida. "Mwanasiti, nilikupiga fimbo mbili na hukuwa na kosa."

"Zilikuwa nne, Mwalimu."

"Nne?"

"Nne. Nilizihesabu."

Nililia, sikuona haya. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

Alinishika mkono, ule ule niliokuwa nikishikia fimbo. "Nimekusamehe," akasema. "Nilikuwa nangoja uniombe."