Chasisi Iliyomwagiwa Mbege

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinipeleka Kisongo, eti nikaone lori la zamani lililofufuliwa. Nikalikuta limesimama uwanjani, lile la aina isiyo na pua, dereva anakaa juu ya injini kama kuku anayeatamia. Kichwa ni cha zamani, kimebandikwa juu ya chasisi ya lori la juzijuzi. Watu wanapiga picha. Nikamuuliza mwenye lori, "Hiyo chasisi uliichaguaje?"

Akacheka. "Shikamoo bibi. Angalia rangi kwanza!"

Nikamwambia marahaba, rangi nimeiona. Ndugu yangu, wanaume wanaochagua chuma kwa rangi nimewajua tangu nina miaka kumi na moja.

Baba alikuwa na lori kama hilo. Tulikaa juu ya Sokon, kwenye mteremko wa Meru, watu tuliohamia kutoka Uchagani, na lori ndilo lililotulisha. Lilishusha ndizi za mama sokoni. Asubuhi zile nazisikia hata leo: moshi wa dizeli juu ya umande, majani ya migomba yamefunika mikungu, mama anakaza kamba kwa meno huku akimfokea baba. Kisha chasisi, ile mifupa ya chini inayobeba kila kitu, ikapasuka. Kichwa kizima, injini nzima, mgongo umevunjika.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Magari ya mitumba yalianza kumiminika, na malori ya mashirika yaliyokufa yakauzwa vipande vipande. Kisongo palikuwa na mwuza vyuma. Baba akapatana naye wabadilishane: baba atoe ng'ombe wa maziwa wa mama, aliyepewa kwao alipoolewa, naye apewe chasisi. Mama alisema neno moja tu: "Mkifika, mchungulie chini."

Wakaenda baba na baba mdogo, nami nikaenda kumswaga ng'ombe kwa sababu alinizoea. Chasisi zilikuwa mbili. Moja ina kutu na matope, lakini imenyooka. Nyingine imepakwa rangi nyeusi, inang'aa mpaka unajiona. Baba mdogo akaizunguka hiyo nyeusi kama bwana harusi.

"Kaka, hii hata haijaolewa!"

Hakuinama hata mara moja. Alikuwa amevaa suruali nyeupe. Mimi niliinama. Nikapitisha kidole upande wa chini, nikakuta uvimbe mrefu kama kovu la mshono. "Baba, hapa pana kovu."

Baba mdogo alicheka mpaka mwuza vyuma naye akacheka. "Mtoto wa kike na chasisi, wapi na wapi? Shika kamba ya ng'ombe."

Ikavutwa kwa trekta mpaka nyumbani. Sasa, kwetu kitu kikubwa kikiingia uani, mzee hukimwagia mbege, pombe yetu ya ndizi, na kukiombea. Kikishamwagiwa ni cha ukoo. Kukirudisha ni kuwatemea wazee mate. Mtu mwenye akili angemwita fundi kwanza, mbege baadaye. Lakini mbege ilikuwa imeiva, wageni wamekaa, na mbege haisubiri fundi. Babu akaichota kwa kata, akamwaga mbele, akamwaga nyuma. Wakanywa mpaka jioni.

Fundi, mtu wa pwani, alifika kesho yake na futi kamba. Akalala chini, akainuka akijipangusa.

"Mzee, mmenunua rangi. Hii imekatwa katikati ikaungwa. Irudisheni leo, ile ya kutu bado ipo."

Baba akamtazama babu. Babu akasema, "Mbege haizoleki."

"Basi na ndizi hazitabebeka," fundi akajibu, akaenda zake.

Baba akatafuta fundi mwingine, mwenye adabu zaidi, yaani mwoga zaidi. Kichwa kikafungwa juu ya ile nyeusi. Safari ya tatu, likishuka na mzigo, lori lilikunjika katikati taratibu, kama mzee anayepiga magoti kanisani. Hakufa mtu. Baba mdogo alisema ni barabara. Baba alisema ni kijicho cha majirani. Babu aliomba kata ya mbege.

Ng'ombe alishakwenda. Ndizi zikaendelea kuiva, na lori halipo, kwa hiyo tukazibeba sisi, mama na mimi. Mwalimu wangu alikuja mara mbili kuuliza mbona siku za soko sionekani darasani. Baba akamkaribisha mbege. Mara ya tatu hakuja. Niliishia darasa la tano.

Siku hizi watu wa rika langu wanasikitika sana. Malori yale yamekwisha, wazee wenye kata wamekwisha, watoto hawajui mbege inavyopikwa, heshima imepotea. Mimi huwaacha waseme. Heshima hiyo naijua. Niliiona ikishuka mlimani alfajiri, imekaa juu ya shingo ya mama yangu, na wanaume wamelala.