Tulivyomfuata Rajabu Mafia kwa Ndege

Nilipanda ndege kwa sababu moja tu: mume wangu Rajabu alikuwa mahututi Mafia, na hapakuwa na chombo cha kutupeleka. Ilikuwa masika, katikati ya miaka ya hamsini, bahari imechafuka, na kila nahodha tuliyemuuliza pale bandarini alitikisa kichwa. Rajabu ni seremala. Alikuwa amekwenda Kilindoni kutia milango na madirisha kwenye nyumba ya wageni waliyokuwa wakijengewa Wazungu wanaokwenda kule likizo kuvua samaki wakubwa. Habari zake zilikuja kwa simu ya maandishi, ikaletwa dukani kwa Bwana Elia, jirani yetu Mchaga pale Kariakoo, muuza misumari na mabati, maana ndiye aliyekuwa na sanduku la posta. Aliisoma kimya, akairudia tena, ndipo akatusomea sisi. Tumbo. Hali mbaya. Njooni.

"Kesho asubuhi kuna ndege ya barua," alisema. "Inachukua na watu."

Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, alikuwa amesimama nyuma yangu. Tangu niolewe tulikuwa tunaishi nyumba moja na hatuongei ila la lazima. Alitaka mwanawe aoe kwao, akanioa mimi.

"Nakwenda," alisema.

"Tutakwenda wote, mama."

"Sikukuuliza wewe unakwenda wapi."

Asubuhi Bwana Elia alituchukua kwa lori lake. Tulipita Mchafukoge maduka yakifunguliwa, tukashika njia ya Pugu mpaka uwanja wa ndege. Pale kwanza walitupima uzito, si mizigo yetu tu, bali na sisi wenyewe, kwenye mizani ya magunia ya nazi kavu.

"Mimi si mbata," Bi Mwanahawa alisema, akakaa chini kwenye benchi.

Karani alimbembeleza. "Mama, ndege ni ndogo. Rubani lazima ajue nani akae wapi, isije ikalalia upande."

Hilo la kulalia upande lilinikausha mate. Bi Mwanahawa alinitazama, akaona nilivyobadilika, akasimama na kwenda kupanda mizani huku kanga ameishusha mpaka machoni.

Nilikuwa nimezoea kuona ndege zikipita juu, ndogo kama mwewe. Sikujua kwamba kwa karibu unaweza kuona zilivyotengenezwa. Hii ilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, yameshikanishwa kwa nguzo nyembamba na waya. Niliyagusa. Yalikuwa kitambaa kilichopakwa rangi. Nimeishi na seremala, najua mbao na gundi zinavyofanya zikipata unyevu, na asubuhi ile kila kitu kilikuwa na unyevu.

Rubani alikuwa Mzungu mfupi mwenye shingo nyekundu, Kiswahili chake cha bara. Aliniweka nyuma yake. Bi Mwanahawa akamweka mwisho kabisa. Katikati walikaa Mzungu mmoja na mkewe, wamebeba fimbo za kuvulia, wanacheka. Wao walikuwa wanakwenda kustarehe.

Tulipoinuka, nilishika kiti kwa mikono miwili. Niliona nyumba zetu zimekuwa viberiti, nikaona minazi, kisha maji matupu ya rangi ya udongo pale mito inapomwaga, na baadaye kijani. Ndege ilikuwa inadondoka kama mtu aliyekosa ngazi, halafu inajishika. Kila ikidondoka, nilisikia nyuma yangu sauti ya Bi Mwanahawa ikisoma Ayatul Kursiyu. Haikutetemeka hata mara moja. Yule mama wa Kizungu aliacha kucheka, akaomba mfuko wa karatasi.

Mafia ilitokea chini ya wingu, nyeusi kwa minazi. Nilitafuta uwanja kama ule tuliotoka, sikuuona. Rubani alionyesha kwa kidole ukanda wa majani kati ya minazi, mwembamba kama uchochoro. Tukashuka. Miti ikawa inakua, inakuja, na mimi nikaona vitu vyekundu vimetapakaa kwenye majani yale.

"Ng'ombe!" nilipiga kelele.

Rubani alikwishawaona. Injini zilinguruma, tukapita juu yao karibu sana hata nikaona mmoja akinyanyua kichwa. Tulizunguka juu ya bahari na kurudi. Ng'ombe walikuwa wamekimbia, lakini upepo ulitupiga ubavuni, bawa la kulia likainama chini. Gurudumu moja liligusa, tukaruka, tukagusa tena, tukaruka. Minazi ya mwisho ilikuwa inatujia. Kisha magurudumu yalikubali ardhi, na tulisimama mahali ambapo ningeweza kuhesabu madafu mtini.

Rubani alizima injini. Ndipo Bi Mwanahawa aliposema kutoka nyuma, "Mwajuma. Uko?"

"Niko, mama."

Lilikuwa jina langu, na sikumbuki kama aliwahi kuliita kabla ya hapo bila kunituma kitu.

Bi Tatu, mke wa msimamizi wa ujenzi, ndiye aliyekuja kutupokea. Hakutusalimia kwa marefu. "Shikamoo, mama. Twendeni hospitali kwanza, pole mtapewa huko."

Rajabu sikumtambua. Tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma, midomo imepasuka, macho yamefumbuka lakini hayatazami kitu. Mganga msaidizi, mtu wa makamo aliyechoka, alitutoa nje.

"Utumbo umejisokota," alisema. "Lazima apasuliwe, na hapa hakuna wa kumpasua. Ndege inarudi leo mchana. Akibaki mpaka ndege nyingine..."

Wakati huohuo mvua ilinyesha. Ilinyesha kwa nguvu, kwa muda mfupi, ikaacha. Tulipomfikisha Rajabu uwanjani kwa machela, rubani alikuwa anatembea kwenye majani, anakandamiza ardhi kwa kisigino. Kila alipokanyaga, maji yalichuruzika. Alitazama minazi ya mwisho wa uwanja, akatazama ndege yake, akaanza kushusha mifuko ya barua.

"Matope nashika magurudumu," alituambia. "Nataka ndege nyepesi sana. Mgonjwa, na mtu moja. Basi."

Bi Mwanahawa alikuwa ameshika mguu wa mwanawe kwenye machela. Mimi nilikuwa kichwani. Nitasema kweli: kulikuwa na sehemu yangu iliyotaka rubani amchague mama. Nilikuwa bado naiona ile minazi ya asubuhi ikitujia. Lakini sehemu nyingine ilikuwa imeshika machela, na vidole havikutaka kufunguka.

"Nenda wewe, mama," nilisema. "Ni mwanao."

"Ni mwanangu." Alimfunika miguu kwa kanga yake ya pili. "Lakini mimi magoti haya, wakinishusha hapo Dar nitamkimbilia nani? Nitambeba vipi? Wewe utapiga kelele mpaka daktari aje. Nakujua, una sauti." Akauachia ule mguu. "Panda."

"Na wewe utakaa wapi huku?"

"Panda, Mwajuma!"

Walikuwa wameng'oa viti viwili na kumlaza Rajabu sakafuni. Nilikaa chini, mgongo wangu ukutani, kichwa chake mapajani. Dirishani nilimwona Bi Mwanahawa amesimama peke yake kwenye majani, hakupunga mkono.

Kuondoka Kilindoni ndipo nilipoamini kwamba tutakufa. Injini zilipiga kelele lakini ndege ilikwenda kama inaburuta jiwe. Matope yalirukia madirisha. Niliinama juu ya uso wa Rajabu ili kitakachokuja kinipate mimi kwanza. Tulichomoka ardhini, tukarudi, tukachomoka tena, na kitu kikakwaruza chini yetu, ni makuti. Rubani alikuwa anaongea peke yake kwa lugha yao. Kisha kelele za matope zilikoma. Tulikuwa juu.

Karibu na Dar es Salaam wingu lilikuwa limelala mpaka chini. Tulitoboa, tukatumbukia, na mara nikaona Jangwani imegeuka ziwa, na upande wake mapaa ya mabati ya Kariakoo, mistari na mistari, karibu hata niliona watu wakitazama juu. Tulizunguka. Rubani alikuwa hauoni uwanja. Tulizunguka tena, na Rajabu akaanza kutapika kitu cheusi.

"Bwana, mtu wangu anakwisha!" nilimwambia.

"Najua. Shika yeye nguvu."

Tulishuka ndani ya mvua, sioni kitu, nasikia tu. Tulipogusa, ndege iliteleza kiubavu kwa muda mrefu sana. Nilimkumbatia Rajabu nikafumba macho, na nilipoyafumbua gari la hospitali lilikuwa linakuja mbio kwenye maji. Rubani alikuwa ameegemea usukani wake kwa paji la uso. Nilimwambia ahsante. Aliinua mkono bila kuinua kichwa.

Hospitalini nilipiga kelele, kama nilivyoambiwa. Daktari alikuja. Walimpasua Rajabu jioni ile, na baada ya siku kadhaa alifumbua macho akaomba uji. Nilipomweleza alikopita, alicheka mpaka mshono ukamuuma. Hakukumbuka hata wingu moja.

Bi Mwanahawa alirudi bahari ilipotulia, kwa meli, amefuatana na Bi Tatu. Nilikwenda kuwapokea bandarini. Mama mkwe wangu alipokuwa hasikii, Bi Tatu alinishika mkono.

"Mama yako huyu," alisema. "Ndege ilipokwishapotea alikaa chini palepale uwanjani, kwenye maji. Tulimsihi aje nyumbani, akakataa. Alisema ameona makuti yakianguka, sasa hajui kama mmefika au mko baharini. Hakula, hakunywa, hata kusoma alishindwa, anatikisa midomo tu. Mpaka karani wa posta akaja na habari ya redio kutoka Dar kwamba mmeshuka salama. Ndipo akalia, akakuita jina lako."

Nilikwenda nikauchukua mzigo wake mkononi. Siku zile zote nilikuwa nimejisimulia kwamba mimi ndiye niliyepata taabu ya safari ile, mimi niliyekuwa juu. Kumbe juu nilikuwa na kichwa cha Rajabu mapajani na kazi ya kufanya. Yeye niliyemwacha chini hakuwa na chochote cha kushika.

"Umekonda," aliniambia. "Twende nyumbani nikakupikie."