Alama ya Manjano Kwenye Sari

Mimi ni fundi wa Tanga, na doa kwenye nguo ya bibi harusi siliachi hata unilipe. Ubishi huo ndio ulioniponza.

Huu ni mwaka wa sita nashona kwenye duka la nguo za harusi za Kihindi, mtaa wa Fordsburg, hapa Joburg. Mwenye duka ni mama wa Kigujarati, mkali lakini roho yake safi, na ndiye aliyenifundisha. Sari nyeupe yenye pindo jekundu bibi harusi hupewa na mjomba wake, ndugu wa mama, naye huingia nayo kwenye ndoa akiwa bado mtoto wa kwao. Kisha upande wa mume humfunika begani sari nyingine, nyekundu yenye miraba ya dhahabu, na tangu hapo anahesabiwa wa nyumba nyingine. Nikamwambia hata sisi tuna kisutu, kanga ya bibi harusi, na kina heshima yake. Akacheka, akasema kumbe hatupishani sana. Basi nikavimba kichwa, nikajiona nimeshajua yote.

Asubuhi moja akaniachia sari nyeupe niishonee kitambaa cha ndani ya pindo, kile kinachoifanya ining'inie vizuri. Yeye akaenda uwanja wa ndege kupokea wageni. Kuikunjua tu, naona doa la manjano kwenye ncha, ukubwa wa kidole gumba. Nikasonya. Watu gani hawa, wanakula mchuzi na hariri mkononi!

Nikagusisha sabuni, doa likageuka jekundu kama damu. Yarabi!  Nikakumbuka bizari ya manjano huwa hivyo ikikutana na sabuni, nikapaka ndimu, rangi ikarudi. Nikasuuza, nikaitandaza ile ncha dirishani. Jua la Joburg halina mchezo. Hadi namaliza kushona, doa lilikuwa limekwisha. Niliringa peke yangu mle ndani.

Simu ikalia. Mwenye duka.

"Bibi harusi anakuja saa sita kuichukua. Ile alama ya manjano isiguswe. Nilikwambia, sivyo?"

Hakuniambia.

"Mama yake aliipaka kwa kidole chake, kuibariki, wiki aliyofariki. Huyu binti alikataa kabisa kuolewa bila mama. Tumembembeleza, akasema basi, kwa kuwa alama ipo, ni kama mama yupo. Unanisikia?"

"Nakusikia, madam."

 Niliigeuza ile ncha mbele, nyuma, nikaiinua kwenye mwanga. Nyeupe pe! Nikakaa chini sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. Sikuogopa kufukuzwa, wallahi, kazi hutafutwa. Nilimwogopa yule binti. Nilimwona anakunjua, anatafuta, hapati, na mimi nimesimama pale na sindano yangu.

Ilikuwa saa tano na nusu. Nikashuka mbio duka la viungo la chini, nikanunua bizari ya manjano, nikaikoroga na tone la maji kwenye kifuniko cha chupa. Nikajaribu kwenye kitambaa chakavu mara tatu. Kisha nikasita. Kwa mila yao, anayebariki nguo ya bibi harusi ni mwanamke ambaye mumewe yu hai. Wangu nilimzika miaka mitatu iliyopita. Mimi Muislamu, hayo hayanihusu, nikajiambia. Lakini mkono ulikataa kushuka. Itakuwaje nikimtia mkosi mtoto wa watu?

Nikasikia kengele ya mlango chini. Nikafumba macho, nikabonyeza kidole.

Nilikuwa bado napuliza ili pakauke bibi harusi alipopanda ngazi. Alikuja peke yake, msichana mwembamba mwenye miwani, amevaa sare za kazini. Hakuuliza blauzi wala mishono. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile ncha.  Alipoiona alama akakaa kwenye kiti changu, akaiweka shavuni, akalia bila sauti. Kisha akaibusu.

"Anti, njoo uone," akaniita. "Hiki ni kidole cha mama yangu."

Nilisogea. Mdomo ulikuwa wazi kabisa kusema kweli. Nilimtazama yale macho nyuma ya miwani, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika mji huu, na mimi nimewahi kushikiwa bastola mtaa wa Berea.

"Nakiona, mwanangu," nikamjibu.

Akanipa simu yake nimpige picha akiwa ameikumbatia sari. Ya kwanza ilitoka na ukungu kwa jinsi mikono ilivyotetemeka. Akacheka huku anafuta machozi, akaniomba nirudie. Nikarudia kwa mkono wa kushoto, na wa kulia nikauficha nyuma ya gauni, kwa maana kidole gumba kilikuwa bado cha manjano.